Wa Kulia Mzima, wa Kushoto Mzima

Fundi Soli hakuwahi kumrudishia mteja kiatu ambacho hajakivaa mwenyewe. Mtaa mzima ulilijua hilo, na wageni waliambiwa mapema wasije wakashangaa. Ukimpelekea kiatu kilichobanduka soli, atakishona, atakipaka gundi, atakigonga misumari juu ya mguu wa chuma, kisha atavua ndala yake, aingize mguu wake ndani ya kiatu chako na kutembea nacho barazani, huku na huko, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kikimbana, hakupi. Kikimchoma, hakupi.

"Mkono ni mwongo," alikuwa akisema. "Mkono haumbebi mtu. Kiatu husema kweli kikishakanyagiwa."

Viatu vya wanawake na vya watoto, ambavyo havikumwingia, alivipokea shingo upande na kuvipapasa kwa vidole, wala hakuvisifia hata siku moja. Wapo waliosema kuvaa viatu vya watu si usafi. Walisema hivyo, kisha wakampelekea vyao, kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine wa kumfikia.

Kinyozi hajinyoi, lakini fundi huyu alikuwa na bahati: miguu yake ilikuwa na mtu wa kuitazama. Kila jioni mkewe alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha, akamkausha mpaka katikati ya vidole, kisha akaipakata miguu yake mmoja mmoja na kukagua nyayo. Mwanzoni ilikuwa ni kutafuta misumari tu, maana fundi viatu hukanyaga vitendea kazi vyake mwenyewe. Fundi alipopatikana na kisukari, ndipo ule utani ukageuka kuwa kazi.

Walikwenda kliniki pamoja. Muuguzi wa pale, mama mnene mwenye sauti ya askari na moyo wa bibi, alimgeukia mke badala ya mume, kwa kuwa wanaume aliwajua. Akamweleza kwamba sukari ikikaa juu mwilini haipigi kelele. Inakula taratibu, miaka na miaka, inaharibu mishipa midogo ya macho, ya figo, na ile inayoupa mguu fahamu.

"Mguu utakufa ganzi na mwenyewe asijue," alisema. "Atakanyaga kitu asisikie. Kitatokea kidonda, na damu haifiki pale vizuri, basi hakiponi. Wengi uliowaona wamekatwa miguu walianza na kidonda kama punje ya mchele. Kwa hiyo mama, dawa ameze, chakula ajipimie, macho yake yapimwe kila mwaka, asitembee peku hata ndani ya nyumba. Na wewe umtazame nyayo. Kila siku, sio ukikumbuka."

"Hilo niachie mimi," mke akajibu.

Akaishika kazi ile kama aliyepewa cheo. Alipima maji kwa kiwiko, akatazama, akapaka mafuta visiginoni, na alipomaliza alitangaza kwa sauti ya mnadi: "Wa kulia mzima. Wa kushoto mzima. Lala." Hata kama jua lilikuwa bado halijazama na fundi hana lepe la usingizi, aliambiwa lala. Walicheka kwa jambo hilo miaka mingi, na halikuwachosha.

Kisha yule mzima ndiye akatangulia. Ilikuwa homa ya siku chache tu, ya kwenda na kurudi, halafu siku moja ilikuja na haikuondoka tena, ikamchukua. Watu walikuja, wakalia, wakatawanyika. Binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali, alikaa muda alioweza, naye akarudi kwa watoto wake. Akawa anapiga simu mwisho wa juma na kumuuliza baba yake miguu iko vipi. "Iko miwili," fundi alimjibu kila mara, na binti akacheka, na simu ikaisha. Beseni lilitundikwa ukutani kwenye msumari wake na halikushushwa tena.

Pale kliniki kulikuwa na utaratibu. Wagonjwa wanaoishi peke yao waliitwa nyuma ya pazia, wakavuliwa viatu, na muuguzi mwenyewe akawakagua nyayo na kuwagusa kwa uzi mgumu wa plastiki huku akiuliza, "Unasikia? Na hapa?" Wenye watu nyumbani walipitishwa, kwa sababu foleni ilifika getini na muuguzi alikuwa mmoja. Tarehe ya fundi ilipofika, ya kwanza tangu azike, muuguzi alimuuliza bila kuinua kichwa, "Miguu inatazamwa?"

"Mwenzangu ananitazama," fundi akasema.

Hakuwa amepanga kudanganya. Maneno yalitoka kwa mazoea, kama mtu anavyonyoosha mkono gizani kutafuta swichi katika nyumba aliyohama. Lakini yalipokwisha kutoka, aliona raha. Kwa dakika ile palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mkewe alikuwa hai, yuko nyumbani, anabandika maji.

"Msalimie sana," akasema muuguzi.

"Zimefika."

Na kweli alizifikisha. Jioni ile alifungua mlango, akasimama kizingitini na kuiambia nyumba, "Muuguzi anakusalimu." Viti viwili vilikuwa pale pale, chake na cha mkewe. Alikaa kwenye chake akavua viatu, na hakuitazama miguu.

Mimi sitamtetea. Uongo ni uongo, hata ukibeba salamu. Na wa aina hii ndio mbaya zaidi, maana humwacha salama anayedanganywa na kumtafuna anayedanganya. Lakini wewe unayemcheka, siku ukibaki na viti viwili na matako ya mtu mmoja, ndipo uje tuzungumze.

Kliniki baada ya kliniki, salamu zilikwenda na zikafika. Safari moja muuguzi alimpa kopo la mafuta ya kupaka miguu ampelekee mama, akisema hayo ni mazuri kwa visigino vinavyopasuka. Fundi aliliweka dirishani na hakulifungua. Halikuwa lake.

Kuhusu kujitazama mwenyewe, alijaribu mara moja. Lakini mtu hujikuna ajipatapo, na nyayo hazipatikani kirahisi kwa mwenye kitambi na goti bovu. Aliushika mguu, ukamponyoka, akaushika tena, akaona upande wa kidole kidogo na vumbi la ngozi, akajiambia ameona. Ukweli ni kwamba hakutaka. Kulishusha beseni lile akiwa peke yake lilikuwa jambo zito kuliko kidonda chochote alichoweza kukifikiria.

Na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kumdanganya. Viatu vilikuwa havimbani tena. Alivaa kiatu, akatembea barazani, akasikia kimya kitupu. Hakuna msumari uliochomoza, hakuna mshono uliokwaruza, kila kiatu kilikuwa kama soksi. Mtu mwingine angejiuliza mguu una nini. Fundi, kwa kuwa ndiye fundi, alisema mkono wake umekomaa.

"Siku hizi viatu havinibishii," alimwambia Bwana Mkaa, rafiki yake wa siku nyingi.

Bwana Mkaa, muuza mkaa wa pale kona, naye alikuwa na kisukari. Walimkata kidole, wakamkata nusu ya wayo, mwisho wakamkata chini ya goti. Tangu hapo alileta kiatu kimoja tu kutengenezwa, cha kulia. "Mwenzake amestaafu," alisema mara ya kwanza, na fundi akacheka mpaka akasahau kumsikitikia. Kiatu hicho kimoja kilikaa rafuni katikati ya majozi ya watu.

Wateja wakaanza kurudi. Mmoja alisema kiatu kinamchubua, mwingine alisema kisigino kinamchoma. Fundi aliwajibu kwamba amekivaa mwenyewe na kutembea nacho, na kwamba watu wa siku hizi wana miguu ya mayai. Waliondoka wakinung'unika, wengine hawakurudi. Barazani pakawa kimya kuliko zamani, na yeye akazidi kusema kwamba dunia imeharibika.

Siku aliyokuja mwalimu, fundi alikuwa akikata ngozi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu mpole, asiyependa kesi. Aliweka kiatu cha kushoto juu ya meza, na kando yake soksi yenye damu iliyokauka kisiginoni.

"Fundi, sikuja kugombana," alisema. "Kuna msumari humu."

"Hiki nilikivaa mimi."

"Najua. Ndiyo maana nilikivaa bila wasiwasi."

"Mwalimu, mimi kiatu chenye msumari hakitoki hapa. Ngoja nikuonyeshe."

Akavua ndala, akaingiza mguu, akafunga kamba na kutembea. Alikwenda hadi mwisho wa baraza, akageuka, akarudi. Alisimama kwa kisigino makusudi, uzito wote upande ule, akamtazama mwalimu kama wakili aliyemaliza kazi.

"Hakuna kitu," alisema.

Mwalimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama sakafu.

"Fundi, kivue."

Alikivua. Ndani ya kiatu, kwenye ngozi ya kisigino, palikuwa na damu mbichi inayong'aa, na katikati yake ncha ya msumari imesimama. Sakafuni, pale aliposimama kwa kisigino, kulikuwa na doa moja jekundu. Fundi aliutazama ule msumari kwa muda mrefu. Alijua umeingia kiasi gani. Na alikuwa hajasikia hata kama kuumwa na mbu.

"Keti nikutazame," mwalimu akasema kwa upole, akivuta kigoda.

"Hapana. Hapana, mwalimu. Asante." Alikuwa ameshausukuma mguu ndani ya ndala. "Niachie kiatu. Nitakitengeneza bure."

"Sio habari ya kiatu."

"Niachie tu, mwalimu."

Mwalimu alimwachia na kuondoka, akigeuka mara mbili njiani. Fundi akafunga mlango wa baraza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi.

Ndani alifungua droo ya mkewe na kutoa kioo chake, kile cha duara chenye fremu ya plastiki. Alikiegemeza kwenye mguu wa kiti, sakafuni, akaketi na kuinua unyayo juu yake. Tundu la msumari aliliona mara moja, dogo, linavuja. Si hilo lililomshtua. Chini ya kidole gumba, mahali mguu unapokanyagia, palikuwa na kidonda kingine. Ukubwa wake ulikuwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe na ngumu, katikati peusi. Hakikuwa cha leo wala cha jana. Alikuwa akitembea juu yake, akivaa viatu vya watu juu yake, na harufu ya gundi na ngozi ikamfunika pua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema. Chake kilikuwa ndani ya kiatu.

Aliogopa. Lazima niseme hivyo wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe asingesema. Aliwaza kungoja tarehe yake, haikuwa mbali sana. Aliwaza kukifunika kwa kipande cha ngozi laini, ili apate kukanyaga vizuri. Akatoka tena barazani kutafuta hicho kipande, na pale rafuni kiatu cha Bwana Mkaa kilikuwa kimemwelekea, kimoja, kimepigwa rangi safi. Aliacha kutafuta ngozi.

Asubuhi alikwenda kliniki. Mlinzi alimwambia siku yake bado, yeye akamwambia mguu hausomi kalenda. Muuguzi alimwona kwenye foleni na kukunja uso, akamwita nyuma ya pazia na kumvua kiatu. Akausogeza mguu kwenye mwanga, akaubonyeza. Fundi alikuwa amejiandaa kufokewa.

"Ukigandamizwa hapa unasikia maumivu?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Sisikii kitu, sista."

"Ingekuwa heri usikie." Alisafisha polepole, akapima kina cha kidonda kwa kijiti chembamba, akanusa. Kisha hasira ikampanda. "Hebu niambie, mwenzio huwa anatazama nini kila jioni? Hiki kidonda kimekaa majuma. Nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu, akaniambia nimwachie. Kumbe nilimwachia hasara. Ukifika nyumbani mwambie nimemkasirikia. Mwambie amezembea, na kama mguu huu utakatwa, ni uzembe wake."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Fundi angesema "Nitamwambia," na mambo yangeisha hapo: mkewe angeendelea kuishi, mvivu kidogo, mwenye makosa, lakini yuko hai na beseni lake. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akaziona jioni zote zile, na yule mwanamke amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwenyewe ana maumivu ya mgongo, akitenganisha vidole kimoja kimoja na kuvipuliza vikauke.

"Usimseme hivyo," alisema.

"Nitamsema. Tazama huu mguu."

"Angekiona. Angekiona kabla hakijawa kidonda. Hakukosa jioni hata moja, sista. Hata alipokuwa na homa, ile jioni ya mwisho aliyoweza kukaa, alinitazama." Akautazama mguu uliokuwa mikononi mwa muuguzi. "Hayupo. Mwenzangu alifariki."

Muuguzi aliushusha mguu wake taratibu juu ya kitambaa.

"Lini?"

"Kabla hujaanza kunituma salamu."

Hakuwa amelisema neno hilo kwa mtu yeyote kabla ya siku ile. Watu ndio waliomwambia yeye: pole, mkeo amefariki. Sasa lilikuwa limetoka kinywani mwake, limekaa kati yao pamoja na pamba na dawa, na halikurudi.

"Ungeniambia ningekuvua viatu mimi," muuguzi akasema, na ile sauti ya askari haikuwapo. "Kila mara. Pazia hili ni la watu kama wewe." Alifikiri kidogo. "Na salamu zangu zote zile, baba, ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Nilikuwa nazifikisha."

Muuguzi aligeuka kutafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Daktari alikuja, akapiga picha ya mguu, akasema mfupa unaonekana haujaguswa bado. Kidole alisema hawezi kukiahidi. Sukari ishuke, dawa zimezwe zote, kidonda kisafishwe pale pale kliniki, na mguu wa kushoto usikanyage chini mpaka aambiwe. Wangemtazama pia macho na figo, maana sukari haichagui chumba kimoja.

"Na viatu vya watu, usivae tena," muuguzi akaongeza, akifunga bendeji. "Tumia mkono."

"Mkono ni mwongo."

"Mkono wako unasikia msumari. Mguu wako hausikii. Nani mwongo sasa?"

 Fundi alisimama kwa mguu mmoja, ameshikilia meza, na muuguzi kwa mazoea akaanza kusema, "Basi, msali..." Akaishia hapo. Akainama na kuikaza bendeji ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Habari ilimfika Bwana Mkaa kabla fundi hajafika nyumbani. Fundi alimkuta amemngoja barazani na mkongojo wake wa zamani, ule wa mbao wenye kitambaa cha kwapa kilichochakaa.

"Nakuazima tu," alisema Bwana Mkaa. "Sitaki uuzoee."

Walikaa kidogo, wakacheka kidogo. Bwana Mkaa alichukua kiatu chake kimoja na kwenda zake, na sauti ya mkongojo wake mpya ikasikika mpaka kona, kisha haikusikika.

Jioni fundi alifungua mlango wa ndani, akasimama kizingitini. Hakuwa na salamu ya kufikisha. Alingoja kama huenda ataikumbuka, ndipo akaingia. Alilishusha beseni kutoka ukutani, akafuta vumbi na utando wa buibui, akatia maji na kuyapima kwa kiwiko. Aliosha mguu wa kulia tu, akaukausha, hadi katikati ya vidole. Alifungua lile kopo la dirishani na kupaka kisigino. Kisha akakiweka kioo sakafuni mbele ya kiti cha mkewe, akainua unyayo, akautazama wote, bila haraka, kisigino, pale unapokanyagia, na kila kidole.

"Wa kulia mzima," alisema.

Akautazama ule wenye bendeji.

"Wa kushoto unauguzwa."

Lilibaki neno moja. Halikuwa lake kulisema, naye hakulisema. Alikaa pale pale, kioo miguuni pake, mpaka maji yakapoa ndani ya beseni.